Kiberiti cha mzee na brashi ya laki tatu na nusu

Mzee mmoja, baharia mstaafu, alikuja saluni kwangu Kinondoni akiwa na brashi ya kunyolea ameiviringisha kwenye leso. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, hebu niangalizie hii. Imenitoka laki tatu na nusu, na kila asubuhi inaniachia ndevu zisizo zangu."

Kisha akatoa kiberiti mfukoni. Ndani hamkuwa na njiti hata moja. Mlikuwa na nywele kumi na saba, mavuno ya wiki moja.

Wengi wetu hapa mjini tunanyoa kwa mashine, kwa hiyo nianze mwanzo kidogo. Brashi hizi za bei, za kupakia povu la sabuni usoni kabla ya wembe, hutengenezwa kwa nywele za beja, mnyama wa jamaa moja na nyegere, ila si huyu nyegere wetu mla asali. Sehemu kubwa ya nywele hizo hutoka China. Unywele wake ni mweupe kwenye shina, mweusi katikati, mweupe tena nchani. Unashika maji vizuri na ncha yake ni laini, ndiyo maana povu lake linakaa. (Swali ninaloulizwa zaidi Dar wala si la kunyonyoka. Ni "Kinyozi, hiyo si ya nguruwe?" Za nguruwe zipo, tena nyingi. Kwa mwenye wasiwasi nina brashi ya nyuzi za plastiki, yaishe.)

Sasa bei. Utaona imeandikwa "pure", "best", "super", "silvertip". Hakuna kipimo kimoja cha dunia kinachowabana watengenezaji kwa majina hayo. Kila mmoja anaita apendavyo. Na hata pale nywele zinapokuwa za daraja la juu kweli, daraja hilo linahusu ulaini na rangi. Halikuambii chochote kuhusu gundi. Na brashi inayonyonyoka, mara nyingi ugonjwa wake uko kwenye gundi.

Fundi hupanga nywele kichwa chini kwenye kikombe chenye umbo la brashi, akikigongagonga ncha zikae sawa, kwa sababu ncha za brashi nzuri ya beja hazikatwi kwa mkasi, ukizikata zinachoma. Halafu mashina hufungwa uzi, hutiwa gundi, na fundo zima huzamishwa kwenye mpini. Gundi ikiishia pembeni bila kufika katikati ya fundo, nywele za katikati zinabaki zimeshikwa na msongamano tu. Zikilowa, zikasuguliwa, zinateleza moja moja.

Nilimwaga nywele za mzee juu ya taulo jeupe nikachukua rula. Brashi yake, kuanzia mpini hadi nchani, ilikuwa na milimita 51. Kumi na mbili kati ya zile nywele zilikuwa na milimita 57 hadi 59.

"Umeona, mzee? Unywele mrefu kuliko brashi yenyewe."

Hizo milimita za ziada ni shina lililotakiwa kuwa ndani ya gundi. Unywele wa namna hiyo umetoka mzima. Kosa ni la aliyetengeneza. Tano zilizobaki zilikuwa fupi, hazizidi milimita 51. Hizo zimekatika, na hapo nikamgeukia yeye.

"Unaikandamiza usoni?"

"Kidogo."

"Maji?"

"Ya birika, moja kwa moja."

Maji yanayochemka huchosha gundi na kukausha nywele. Yanayovumilika mkononi yanatosha. Povu lipakwe kwa ncha za brashi. Ukiikandamiza mpaka ifunguke kama ua, nywele zinakunjika pale pale zinapotokea kwenye mpini na zinakatikia hapo. Kukamua kwa kusokota nako ni hivyo hivyo: minya taratibu, kung'uta, iache penye hewa. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wana kazi ya ziada, maana sabuni haitoki vizuri, inaganda chini kwenye mashina. Mara moja kwa mwezi loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo kwa dakika chache, usuuze.

Brashi mpya kuangusha nywele chache siku za mwanzo si kitu; kuna zilizonaswa tu bila kushikwa na gundi. Lakini wiki ya nne, kila siku, tena nzima? Hiyo ni mbovu, idai pesa yako. Mzee alidai. Muuzaji wa mtandaoni, yuko nje ya nchi, akamjibu itaacha yenyewe. Wakati huo ilikuwa na miezi minne.

Mimi mwenyewe situmii beja kwa wateja, na vinyozi wenzangu wanaojisifia nayo wananishangaza. Brashi hiyo inataka karibu siku nzima ikauke. Hapa saluni, brashi inalowa kutwa. Na ukitaka kuiua vijidudu kwa kuichemsha au kuilaza kwenye spiriti kila baada ya kichwa, umeiua yenyewe. Beja ni ya nyumbani, ya mtu mmoja.

Ya mzee niliiacha ikauke siku mbili, nikaitenganisha katikati, nikadondosha supagluu nyepesi kwa sindano hadi kwenye mashina. Matone matatu tu. Nilimwonya kabla kwamba gundi hupanda kidogo, brashi itakuwa ngumu kuliko alivyoizoea, na ikiharibika imeharibika. Akasema mbovu haina cha kupoteza.

Juzi amepita tena. Kiberiti bado anatembea nacho. Wiki nzima kina nywele mbili, zote fupi.

"Birika umeacha?" nikamuuliza.

Akacheka, akaomba taulo la moto.