Bamba linaloteleza juu ya tope: usiupe udongo namba moja tu

Bomba la gesi lililolazwa kwenye sakafu ya bahari halitulii. Kisima kikifunguliwa, chuma hupata joto na bomba hurefuka. Kikifungwa, hupoa na kujivuta. Kilomita 1 ya bomba la chuma lisilozuiwa, ikipanda joto kwa nyuzi 60, hurefuka kama sentimita 70. Mwishoni mwa bomba kuna kiungio chenye vali, nacho hukalia bamba pana la chuma lililotandazwa juu ya tope. Ukilitaka bamba hilo lisisogee kabisa, lazima lihimili msukumo wote wa bomba, na litakuwa kubwa mno kwa meli ya kulishusha. Katika kina kinachozidi mita 2,000, kama kwenye vitalu vya gesi vya Tanzania na Msumbiji, uzito wa kushusha si jambo dogo. Njia nyingine ni kuweka bamba dogo na kuliacha liteleze, likienda na kurudi na bomba maisha yote ya mradi.

Sasa, litateleza kwa nguvu kiasi gani? Kosa kubwa ni kuchukua ukinzani wa udongo wa siku ya kwanza na kuutumia mpaka mwisho. Tope lina kumbukumbu, na modeli isiyoibeba kumbukumbu hiyo itadanganya.

Chukua bamba la mita 10 kwa 5, lenye uzito wa kN (kilonewton) 120 likiwa majini. Chini yake kuna mfinyanzi laini: nguvu ya mkato, yaani uwezo wa udongo kukinza kukatwa, ni kPa 0.5 (kN 0.5 kwa kila mita ya mraba) juu kabisa, ikiongezeka kPa 1 kwa kila mita. Mteleza wa kwanza utahitaji 0.5 × mita za mraba 50, yaani kN 25. Maji yaliyo kati ya chembe hayapati nafasi ya kutoka, kwa hiyo yanabeba sehemu ya uzito na chembe zinakosa kushikana. Maji yakiwa yametoka yote, ukinzani unakuwa uzito mara kizidishi cha msuguano, kwa 0.5, ni kN 60. Tofauti ni zaidi ya mara mbili, na bamba litapita kote humo.

Usikisie kama maji yanatoka au hayatoki, kokotoa vB/cv: kasi ya bamba mara upana wake, gawanya kwa kizidishi cha kukamuka kwa udongo. Bomba likisogea nusu mita kwa saa 10, kasi ni kama mita 438 kwa mwaka. B ni mita 5, cv tuseme mita za mraba 2 kwa mwaka. Jibu ni karibu 1,100. Juu ya 30 hivi, maji yamenaswa.

Bamba likitulia baada ya kuteleza, maji yaliyobanwa hukamuka taratibu, chembe husogeleana, na safari inayofuata huanza kwenye tope gumu kidogo. Ninapenda kuanza na modeli ya hali kikomo, yaani hali ambayo udongo huendelea kukatika bila kubadilika ujazo, inayotosha karatasi moja. Chukua g, logi asilia ya ukinzani wa mwisho gawanya kwa ukinzani wa sasa. Kwetu ni ln(60/25) = 0.875. Kila mteleza unaofuatwa na mapumziko kamili huzidisha g kwa (1 − κ/λ), ambapo λ ni mteremko wa mstari unaoonyesha nafasi kati ya chembe ikipungua udongo ukibanwa mara ya kwanza, na κ ukibanwa tena. Kwa mfinyanzi wa kaolini uwiano huo ni kama 0.2. Baada ya mteleza wa kwanza ukinzani unakuwa kN 30, baada ya 5 ni 45, baada ya 10 ni 55, na baada ya 20 umebakiza chini ya kN 1 kufika 60.

Hayo ni kama mapumziko yametosha. Shinikizo la maji likipungua nusu tu kabla ya safari inayofuata, ile 30 inakuwa 28. Kwa bamba hili nusu ya kukamuka chini ya uzito wake inaweza kuchukua karibu mwaka. Kwa hiyo ratiba ya kufungua na kufunga kisima ni data ya udongo, idaiwe mapema.

Kipimo kinachoharibika kuliko vyote ni cha nusu mita ya juu. Kifaa cha kupimia chenye umbo la T, cha milimita 40 kwa 250, husomwa kwa kugawanya ukinzani wake kwa 10.5 ili kupata nguvu ya mkato, lakini namba hiyo ni ya tope linalokizunguka kifaa pande zote. Karibu na uso halikizungukii, na ukitumia 10.5 unaukadiria udongo chini ya nguvu yake. Kuvuta mstari kutoka mita 2 hadi juu ni kosa pia. Chukua sampuli ya sanduku na uipime ikiwa ndani.

Sentrifuji, mashine inayozungusha modeli ndogo ili kuiongezea uzito, huokoa muda kweli. Kwenye mvutano mara 100 ya ule wa dunia, bamba la mita 5 ni milimita 50, na kwa kuwa muda wa kukamuka hugawanywa kwa 10,000, mwaka mmoja huisha ndani ya dakika 53. Huko ndiko unakoona vilima vya tope vikijengeka kwenye ncha mbili za njia. Ndiyo sababu kingo za bamba hukunjwa juu kama mbele ya mtumbwi. Kingo wima hulima, na ukinzani hupanda bila msuguano kuhusika.

Kwenye elementi finiti, yaani hesabu ya kompyuta inayogawa udongo katika vipande vidogo, mtandao wa kawaida hujikunja vibaya bamba likisogea nusu mita. Tumia mbinu inayoruhusu tope kupita katikati ya mtandao, na ujaribu unene wa elementi za chini ya bamba mara tatu. Jibu likibadilika, bado.

Mwisho, kuzama. Badiliko lote la uwiano wa nafasi tupu (ujazo wa nafasi gawanya kwa ujazo wa chembe) kutokana na mkato ni λ × g ya mwanzo. Kwa λ 0.2 na uwiano wa 2, ni karibu asilimia 6 ya unene, au sentimita 3 kwenye tabaka la nusu mita. Ongeza juu yake kuzama kwa uzito na tope linalosukumwa pembeni. Ncha za njia hubeba bamba kwa zamu ilhali katikati hubeba muda wote, kwa hiyo litainama pia. Wape wahandisi wa bomba jedwali la ukinzani, kuzama na kuinama kwa mzunguko wa 1, 5, 10 na 20, kila moja kwa makadirio ya chini na ya juu: ya chini yanatawala msogeo wa kiungio, ya juu yanatawala nguvu inayorudi kwenye bomba.