Irving Berlin: mhamiaji aliyetunga kwa sikio

Ikifika Disemba, sisi tunaopiga muziki kwenye hoteli za Unguja tunalijua ombi kabla mgeni hajafungua mdomo. Kaskazi inavuma, joto limeshika, minazi inayumba, na mtu aliyevaa kaptula anataka apigiwe "White Christmas", wimbo wa theluji. Vijana ninaowafundisha kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, huona kichekesho. Mimi naona mgeni huyo yuko karibu na wimbo kuliko anavyojua. Ubeti wake wa utangulizi, ambao siku hizi ni nadra kuusikia, unamweleza mtu aliye Los Angeles mkesha wa Krismasi, kwenye jua na majani mabichi, kati ya michungwa na mitende, akitamani kuwa kaskazini kwenye baridi. Mtunzi mwenyewe aliamua ubeti huo usiimbwe. Jua likaondoka, ikabaki hamu peke yake, na kila aliye mbali na kwao akaona ameimbiwa yeye.

Wengi hudhani ni wimbo wa kanisani. Ulitungwa kwa ajili ya sinema, Holiday Inn ya mwaka 1942, akauimba Bing Crosby, ukachukua Oscar ya wimbo bora. Aliyeutunga, Irving Berlin, alikuwa Myahudi, mtoto wa mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Mwanawe wa kiume, mtoto mchanga ambaye hakufikisha hata mwezi, alifariki siku ya Krismasi ya mwaka 1928. Sisemi kwamba wimbo umetoka huko, lakini atakayeupiga kwa shangwe ameukosa.

Noti nane za mwanzo ndizo zinazowatoa jasho wanafunzi wangu. Kwa solfa ni mi, fa, mi, re iliyopandishwa nusu sauti, mi, fa, fa iliyopandishwa nusu, so. Zimebanana, hakuna inayoruka. Kwenye fidla kidole kinateleza tu. Kwenye kanuni kila sauti ina nyuzi zake, na nusu unaipata kwa kunyanyua vile vibati vidogo vya upande wa kushoto. Cha re unaweza kukinyanyua mapema kabla hujaanza. Cha fa huwezi, kwa sababu unapiga fa ya kawaida na noti inayofuata ni fa hiyohiyo imepandishwa, kwa hiyo mkono wa kushoto lazima uwahi katikati ya noti mbili bila ya kusikika. Akikosea mwanafunzi, wimbo unageuka kuwa kitu cha furaha cha watoto. Uchungu wote umekaa kwenye zile nusu mbili.

Mtu aliyeziweka hakujua kusoma noti hata moja.

Alizaliwa Mei 1888 katika himaya ya Urusi, jina lake Israel, wa ukoo wa Beilin. Mwaka 1893, akiwa na miaka mitano, familia ilishuka New York na kupanga kwenye mitaa ya wahamiaji ya Lower East Side. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka kumi na tatu tu, naye akatoka nyumbani, akawa anaimba kwenye vilabu vya pombe kwa sarafu alizotupiwa, baadaye akawa mhudumu anayeimba kwenye mkahawa wa Chinatown, mtaa wa Wachina. Mwaka 1907 ukatoka wimbo wake wa kwanza, yeye akiandika maneno na mwenzake akitia muziki. Fungu lake halikufika hata senti 40. Kwenye karatasi jina lilichapwa "I. Berlin", na akabaki nalo maisha yake yote. Miaka minne baadaye "Alexander's Ragtime Band" ulivuka bahari, na mtoto wa mhamiaji akawa maarufu dunia nzima akiwa na miaka 23.

Piano aliipiga kwa kujifundisha, na karibu daima katika ufunguo mmoja, F-sharp, yaani hasa kwenye vibonye vyeusi. Alipotaka ufunguo mwingine hakuhangaika na vidole. Alikuwa na piano maalumu yenye mkono wa chuma chini ya vibonye. Akiuvuta, mitambo inasogea, vidole vinabaki palepale lakini sauti inatoka juu zaidi au chini zaidi. Sisi wa kanuni tunahamisha uzi mmoja mmoja, yeye alihamisha chombo kizima. Pembeni alikaa mwandishi wa noti aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Berlin anaimba na kupiga, mwandishi anaandika, kisha anampigia asikilize. Harmonia, zile sauti zinazousindikiza wimbo, ikiwa si aliyoisikia kichwani, alimrudisha hadi ipatikane.

Hapa ndipo vijana hunikatiza: kwa hiyo mwalimu, noti za nini? Nawajibu kwamba Siti binti Saad naye hakujua kusoma, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zilizokaa kifuani. Lakini Siti alikuwa na wapigaji waliojua kazi yao, na Berlin alimlipa mtu mshahara aandike. Wewe una nani? Kawaida hapo mazoezi yanaendelea.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba baada ya miaka ya mwanzo, Berlin alishika maneno na muziki kwa pamoja. Taarabu yetu mara nyingi inagawa kazi: mshairi anakuja na beti zake zenye mizani kamili, mwengine anatia muziki, mwimbaji anavishwa kilichokwisha kushonwa. Matokeo yake mara nyingine neno linavutwa pasipostahili ili litoshe. Kwa Berlin mkazo wa neno na mkazo wa muziki vilizaliwa siku moja, na lugha yake ilikuwa ya barabarani, ile aliyoisikia kwenye vilabu alipokuwa mtoto. Nadhani mtu aliyeingia kwenye lugha kutoka nje huisikiliza kwa makini ambayo mwenyeji hana.

Tena alishona kwa kipimo cha mwimbaji. Kwenye sinema ya Top Hat ya mwaka 1935 alimtungia Fred Astaire, mcheza dansi mwenye sauti nyepesi. Nyimbo nyingi za zama zile zilikuwa na pau 32, yaani vipande 32 vya mapigo. "Cheek to Cheek" alioutunga hapo una pau 72, na unazunguka zunguka hadi dansi iingie bila ya kushtua. Maikrofoni ilikuwa karibu, Astaire aliweza kuimba kama anayezungumza. Jukwaani ni hesabu nyingine. Mwaka 1946 alitunga nyimbo za mchezo wa Annie Get Your Gun, kazi aliyoichukua baada ya mtunzi Jerome Kern, aliyekusudiwa kwanza, kufariki. Mwimbaji alikuwa Ethel Merman, sauti ya kufika safu ya mwisho bila ya maikrofoni. Kwake aliandika sentensi fupi na noti ndefu za wazi mwishoni, pa kufungulia kifua. Mchezo ulikaa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, maonyesho 1,147.

Nyimbo za jeshi nazipita haraka, si kwa kuwa hazina uzito. "God Bless America" aliutunga mwaka 1918 akiwa askari, akauweka kando, akautoa tena mwaka 1938. Mapato yake aliyaelekeza kwa maskauti wa kiume na wa kike.

Aliweza kuyaelekeza kwa sababu yalikuwa yake. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa ASCAP, chama cha kuwakusanyia watunzi malipo, na mwaka 1919 alifungua kampuni yake ya kuchapa nyimbo. Kati ya miaka hiyo miwili, mtunzi mwenzake wa chama hicho, Victor Herbert, aliushitaki mkahawa mmoja wa New York uliokuwa ukipigisha wimbo wake wateja wakila, bila ya kumlipa. Mkahawa ulijitetea kuwa wateja hawatoi kiingilio, wanalipia chakula. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki Herbert: ikiwa muziki haulipi, mkahawa usingeuweka, na bei yake imo kwenye sahani.

Hesabu hiyohiyo inafaa mezani kwenye hoteli zetu. Mgeni wa Disemba analipa chakula cha usiku na kanuni imo ndani ya bei. Nina rafiki aliyetunga nyimbo mbili ambazo karibu kila bendi ya hotelini inazipiga wiki nzima, na nilipomuuliza kama amekwenda kuzisajili COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, aliniuliza kwani ofisi yao iko wapi.