Fuata maji: ninavyopanga safari ya siku moja Yucatán

Kwa Kimaya, lugha ya wenyeji wa Yucatán, chi' ni mdomo na ch'e'en ni kisima. Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya ambao leo ni magofu, basi, ni Mdomoni mwa Kisima cha Waitza, Wamaya walioishi hapo. Jina hili hulieleza ndani ya basi, kabla hatujatoka Valladolid, maana mgeni akilishika siku nzima inamnyookea. Asipolishika, jioni anarudi hotelini na picha za piramidi, picha za kuogelea na picha za kanisa, kama mtu aliyetembelea nchi tatu zisizojuana.

Nilizaliwa Tanga. Sasa naishi Valladolid, mji mdogo katika jimbo la Yucatán, Meksiko, na kazi yangu ni kupanga safari za siku moja kwa vikundi vya watu wanane, kumi hivi. Wengi ni Watanzania na Wakenya wanaoishi Marekani na Kanada, wanaoshukia Cancún kwa mapumziko. Ndani ya magofu anayeongoza ni mwenyeji mwenye kibali cha serikali, mimi natafsiri.

Mwaka wangu wa kwanza nilifuata mtindo wa mabasi makubwa: vituo vitano kwa siku, kila kimoja saa moja, chakula cha haraka katikati. Siku moja, jua likiwa utosini, mama mmoja wa Mombasa aliketi chini ya mti pale Chichén Itzá, akajipepea kwa mtandio, akaniuliza: "Mwanangu, mawe nimeyaona. Lakini watu wote hawa walikuwa wanakunywa nini?" Nilikuwa nimewapitisha kila mahali isipokuwa palipokuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikaanza kupanga safari zangu upya, nikiyafuata maji.

Rasi ya Yucatán ni mwamba mmoja mkubwa wa chokaa. Upande wa kaskazini hakuna mto hata mmoja unaopita juu ya ardhi. Unaendesha gari saa tatu, nne, huvuki daraja. Mvua ikinyesha maji hayasimami, yanazama. Yakiwa njiani yanabeba asidi kidogo kutoka hewani na kwenye udongo, na asidi hiyo inakula chokaa polepole mpaka yanajichimbia mapango. Paa la pango likidhoofika linaporomoka, na hapo panafunguka shimo lenye maji safi chini yake. Wamaya huliita ts'onot; Wahispania ulimi wao ukatamka cenote, nasi kwenye basi letu tunasema senote. Mapango haya yanaungana. Mwaka 2018 wapiga mbizi walithibitisha kwamba mfumo wa Sac Actun, karibu na Tulum, ulikuwa na kilomita 347 za njia za chini ya maji zilizokwisha kupimwa.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulinyamazia kimya kabisa wanapolisikia. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa kutoka angani lilipiga pwani ya kaskazini, pale kilipo leo kijiji cha Chicxulub, na ndilo linalohusishwa na kutoweka kwa dinosaria. Shimo lake limefukiwa siku nyingi, halionekani kwa macho. Lakini ukitazama ramani ya senote za upande wa Mérida, mji mkuu wa jimbo, utaona zimejipanga kama upinde. Zinafuata ukingo wa shimo lile.

Haya, tuanze siku. Kwanza saa yako. Cancún na Tulum ziko jimbo la Quintana Roo, ambalo saa yake iko mbele ya Yucatán kwa saa moja. Ukija asubuhi unapata saa ya bure, ukirudi jioni unairudisha, na mwenye ndege ya usiku alijue hilo mapema. Chichén Itzá hufunguliwa saa mbili asubuhi, nami hutaka tuwe mlangoni dakika kumi kabla. Kufika saa tano hufanyi kitu: watu wamejaa na kivuli hakuna. Tiketi ni mbili, moja ya serikali kuu na moja ya jimbo, kwa hiyo usishangae ukilipishwa kwenye madirisha mawili.

Piramidi ya Kukulkán, mungu nyoka mwenye manyoya, haipandwi tena, na mimi naona ni sawa. Ina ngazi 91 kila upande, pande nne, na ukiongeza kidato cha juu cha hekalu unapata 365. Kiongozi wetu huwasimamisha wageni mbele ya ngazi za kaskazini, hatua kadhaa nyuma, na kuwaambia wapige kofi moja. Mwangwi unaorudi si kofi. Ni mlio mwembamba unaoteremka, kama wa ndege, na wenyeji wanaufananisha na sauti ya kwezali, ndege mwenye manyoya marefu ya kijani ambayo wafalme wa Kimaya waliyathamini mno. Nimeusikia mamia ya mara, na bado nikipiga kofi nasubiri kama mtoto.

Mwaka 2015 wanasayansi wa chuo kikuu cha taifa, UNAM, walipitisha umeme ardhini kuzunguka piramidi hii wakagundua kwamba chini yake kuna tundu lenye maji. Nikifika hapo humkumbuka yule mama. Wajenzi walisimamisha mlima wa mawe juu ya maji.

Kutoka kwenye piramidi kuna njia ya kale iliyoinuliwa kwa mawe, sakbe, yaani njia nyeupe, inayokwenda kaskazini mpaka Senote Takatifu. Mabasi makubwa mengi hayapeleki watu huku kwa sababu ya muda. Sisi tunakwenda. Ni shimo la duara, upana wake kama mita 60, kuta zimesimama wima na maji ni ya kijani kizito. Haliogelewi. Wamaya walitupa humo sadaka kwa mungu wa mvua, Chaac: dhahabu, vito vya kijani, vyungu, na watu, wakiwemo watoto. Kuanzia mwaka 1904 Mmarekani Edward Thompson alilichota tope lake kwa mtambo na kupeleka vitu vingi kwenye jumba la makumbusho la Peabody, Chuo Kikuu cha Harvard. Miongoni mwake kulikuwa na mabonge ya kopali, utomvu wa kufukizia unaofanana na sandarusi yetu ya pwani. Ninapolitaja neno sandarusi, wazee kutoka Zanzibar hutikisa kichwa. Wanajua harufu yake. Naomba wageni wasipige picha za kurukaruka mahali hapa. Ni kaburi.

Tukitoka hapo ni karibu saa tano na jua linachoma, kwa hiyo sasa ndiyo saa ya kuoga. Ik Kil iko karibu na ni nzuri kweli: unashuka ngazi kama mita 26 mpaka kwenye maji, na mizizi inaning'inia kama nywele. Ila mchana inajaa. Mimi hupenda Samulá na X'keken, kilomita chache kutoka Valladolid, ama senote ndogo zinazosimamiwa na vijiji vyenyewe kwenye ardhi yao ya pamoja, inayoitwa ejido. Pale kiingilio chako kinapokelewa na mtu ambaye babu yake alichota maji humo humo. Beba peso taslimu, mashine ya kadi usiitegemee.

Samulá uko ndani ya pango. Juu kuna tundu moja, na mwanga unashuka kama nguzo mpaka majini. Mzizi wa mti ulioota juu umepita kwenye tundu hilo, ukashuka hewani kutafuta maji. Ukielea chali chini yake unaona jambo lote nililolieleza asubuhi: mwamba, tundu, mzizi, maji. Samaki wadogo weusi watakugusa miguu, hawana neno. Maji ni baridi kuliko unavyodhani, na kina hakionekani kwa macho, kwa hiyo kila mtu avae jaketi okozi, hata yule aliyekulia Bahari ya Hindi. Maji matamu hayakubebi kama ya chumvi. Na utaoga bafuni kabla ya kuingia, bila mafuta ya kuzuia jua, bila dawa ya mbu, bila losheni. Hili sina mjadala nalo. Maji haya hayatoki kwenda popote kwa haraka, na ndiyo hayo hayo yanayofika kwenye visima vya watu. Vaa shati la mikono mirefu.

Chakula nitasema kidogo. Fahari ya Yucatán ni cochinita pibil, nyama iliyopakwa mzingifuri na kuokwa ndani ya shimo ardhini, nayo ni nguruwe. Waislamu wasife moyo. Kuna sopa de lima, supu ya ndimu yenye kuku au bata mzinga, na kuna papadzules, mikate ya mahindi yenye mayai ndani na mchuzi wa mbegu za maboga. Ila uliza kuhusu maharage, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Alasiri tuko Valladolid. Wahispania waliuhamishia mji huu hapa mwaka 1545, juu ya mji wa Kimaya ulioitwa Zací, na senote ya Zací ingali katikati ya mitaa. Mimi huwapeleka wageni kwenye nyumba ya watawa ya San Bernardino de Siena, iliyoanza kujengwa mwaka 1552. Wanadhani tunakwenda kuona kanisa. Tunapita kanisani, tunatoka kwenye bustani ya nyuma, tunaingia kijumba cha mawe chenye kuba. Ndani kuna mdomo wa kisima. Inama utazame: chini kabisa maji yanameta, na ni senote. Watawa walijenga juu yake, kama wale wa Chichén Itzá walivyojenga juu ya yao, na wakawa wanayapandisha maji kwa gurudumu. Wapiga mbizi waliposhuka humo walikuta bunduki za karne ya 19. Mwaka 1847 Wamaya wa eneo hili waliinuka dhidi ya mabwana waliowanyang'anya ardhi, na vita vile viliendelea kwa zaidi ya nusu karne. Baadhi ya bunduki ziko kwenye chumba cha maonyesho pale pale.

Mwenye siku ya pili nampeleka Izamal, mji uliopakwa rangi ya njano karibu wote. Njiani tunapita mashamba yaliyoachwa, na hapo mimi ndiye hunyamaza. Ni mkonge. Neno sisal limetokana na bandari ya Sisal katika jimbo hili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida, ikafika kwetu miche 62 tu iliyo hai, na kutoka kwa hiyo ukaenea mkonge wa Tanga. Wa Yucatán ni ndugu yake, henequén, na ndiyo uliojenga majumba ya kifahari ya Mérida, huku Wamaya wakifungwa mashambani kwa madeni mpaka mapinduzi ya Meksiko yalipofika huku mwaka 1915. Baadaye mkonge wa Afrika Mashariki ukaja kulibana soko lao. Nilikua nikiona singa, nyuzi za mkonge, zimeanikwa kama nguo nyeupe karibu na korona, mtambo wa kuchakata mkonge. Sikujua kwamba upande wa pili wa dunia kuna mtoto wa Kimaya aliyekua akiona hayo hayo.

Izamal, nyumba ya watawa imekaa juu ya jukwaa la hekalu la Kimaya, na mawe ni yale yale. Diego de Landa, mtawa wa Kihispania aliyeisimamia, ndiye aliyechoma vitabu vya Wamaya mjini Maní mwaka 1562. Na ndiye pia aliyeandika mengi tunayoyajua juu yao. Sanamu yake iko pale mjini. Wageni huniuliza kwa nini haijaondolewa, nami huwaomba wamuulize mwenyeji.

Jua likipungua tunapanda Kinich Kakmó, piramidi kubwa iliyo katikati ya nyumba za watu, majani yakiota kati ya mawe. Mawe ya ngazi ni makubwa na hayalingani, wazee wapande polepole wakiniegemea bega. Juu kuna upepo. Unaiona nyumba ya watawa, ya njano, ng'ambo ya mapaa, na baada yake msitu uliolala bapa mpaka mwisho wa macho. Ukigeuka pande zote nne huoni mto.