Fedha za kujiunga na Umoja wa Ulaya: shughuli ipo kwenye kuzitumia

Watu wakiniuliza kuhusu fedha ambazo Umoja wa Ulaya huzipa nchi zinazojiunga nao, kwanza hutaka kujua kiasi. Mimi nashughulika na bajeti za miradi ya umma, na jicho langu huenda kwingine: hiyo nchi ina watu wa kuandika andiko la mradi, kutangaza zabuni, kumlipa mkandarasi kwa wakati na kutunza hati zitakazomridhisha mkaguzi?

Mfuko wa maendeleo ya mikoa wa Ulaya ulianza 1975, miaka miwili baada ya Uingereza, Ireland na Denmark kujiunga. Ulipofika 1994 ukaongezwa mfuko mwingine kwa nchi ambazo pato lake kwa kila mtu ni chini ya asilimia 90 ya wastani wa umoja; wakati huo zilikuwa Ugiriki, Ureno, Uhispania na Ireland. Ila fungu kubwa zaidi halipimwi kwa nchi, hupimwa kwa mkoa. Mkoa wenye watu kati ya 800,000 na milioni 3, ambao pato lake kwa kila mtu halifiki asilimia 75 ya wastani wa Ulaya, ndio unaowekwa mbele.

Hapo mstari wa ramani una thamani ya fedha. Poland ilipunguza mikoa yake kutoka 49 hadi 16 mwaka 1999, ikijiandaa pia kwa maisha ndani ya umoja ilioingia tarehe 1 Mei 2004. Mkoa wa Mazowieckie ukaiweka Warsaw pamoja na miji kama Radom, ambayo viwanda vyake vilikuwa vimeanguka. Utajiri wa Warsaw ukapandisha wastani, na mtu wa Radom asiye na kazi akahesabiwa kuwa anaishi kwenye mkoa uliofanikiwa. Kuanzia 2018 mkoa huo uligawanywa sehemu mbili kwa ajili ya takwimu tu, bila kugusa utawala wake, na katika bajeti ya 2021 hadi 2027 sehemu iliyo nje ya Warsaw ikarudi kwenye kundi la mikoa iliyo nyuma. Wapo wanaouita ujanja. Mimi naona ni haki, kwa sababu wastani ulikuwa unawaficha watu.

Kabla ya kuingia, nchi hupewa fedha za maandalizi. Mpango wa PHARE ulianza 1989 kwa Poland na Hungaria. Mwaka 2000 ikaongezwa ISPA kwa usafiri na mazingira, na SAPARD kwa kilimo na vijiji. Kwa jumla ilikuwa zaidi kidogo ya euro bilioni 3 kwa mwaka. Tangu 2007 yote yamewekwa kwenye kapu moja liitwalo IPA, ambalo kwa 2021 hadi 2027 lina zaidi ya euro bilioni 14, kwa nchi za Balkani ya Magharibi na Uturuki.

SAPARD ndiyo inayonivutia zaidi. Nchi ilitakiwa iunde wakala wake wa malipo, na wakala huo uidhinishwe kwanza, ndipo fedha zianze kutoka. Poland ilisubiri hadi 2002. Naye mkulima aliyetaka tangi la kupozea maziwa alilinunua kwanza kwa fedha zake au kwa mkopo, kisha akapeleka risiti arudishiwe sehemu. Mkulima asiyekopesheka alibaki nje, na hilo ni kasoro kubwa ya utaratibu huu hadi leo.

Bulgaria ilijiunga Januari 2007. Julai 2008 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha umoja huo, ikazuia mamia ya mamilioni ya euro na kuondoa idhini ya wakala wawili wa serikali waliosimamia fedha hizo, kwa sababu ya usimamizi mbovu na tuhuma za ufisadi. Novemba mwaka huohuo, euro milioni 220 zikapotea moja kwa moja. Hata penye uaminifu, saa inakimbia: kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba fedha zilizotengwa mwaka fulani, zisipotumika hadi mwisho wa mwaka wa pili unaofuata, zinafutwa.

Kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki haina mfuko wa namna hii. Rwanda na Burundi zilijiunga 2007, na zilipoanza kutumia ushuru wa pamoja wa forodha 2009, pengo la mapato yao lilisaidiwa kupitia mfuko wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022, Somalia 2024, kila moja ikijibebea gharama zake.

Ningeombwa ushauri Arusha, makao makuu ya Jumuiya, nisingeanza na mfuko mkubwa. Ningeanza na fungu dogo la kulipia upembuzi yakinifu na kuwafundisha maofisa ununuzi wa wilaya za mipakani, Beni ya Kongo na Kasese ya Uganda kwa mfano, wafanye kazi kwenye barabara moja, kwa fomu zilezile na mkaguzi mmoja.