Tanga mbili ya kaskazini

Jana nilivaa na kuvua koti mara nne kabla jua halijazama. Alfajiri kulikuwa na sakitu kwenye vioo vya magari, ile kavu nyeupe inayokwaruza kama chumvi. Saa nne jua likawaka, nikakaa nje nimekunja mikono ya shati. Saa saba na nusu wingu moja lenye kitako cheusi lilipita juu ya jengo letu, likamwaga vijiwe vyeupe laini kwa dakika kama saba, kisha likaenda zake kama mtu aliyekosea mlango. Saa tisa upinde wa mvua. Saa kumi na mbili anga safi, baridi inarudi, na ndege mmoja juu ya antena anaimba kwa nguvu zake zote.

Mwenzangu wa ofisini alichungulia dirishani akasema, "Hali ya hewa imechanganyikiwa." Nimefanya kazi ya utabiri katika latitudo za kaskazini kwa miaka mingi, na kauli hiyo naisikia kila Machi. Siipendi. Siku kama ya jana ina mpangilio kuliko siku nyingi za kiangazi, ila lazima ujue nani anagombana na nani.

Kiswahili hakijaamua majira haya yaitweje. Vitabu vya shule vinasema majira ya kuchipua, wengine machipuko, na wapo wanaoazima masika, jambo linaloniudhi kidogo kwa sababu masika ni mvua, na huku mvua ni sehemu ndogo tu ya habari. Mabaharia wa pwani wana neno ambalo ningewapa watu wa kaskazini bila kusita: tanga mbili. Ni kile kipindi kaskazi imechoka na kusi haijashika, upepo hauna mwenyewe, na chombo chaweza kutweka kwenda huku au kule. Kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Mei, nusu ya kaskazini ya dunia huwa katika tanga mbili yake.

Tuanze na jua. Tarehe 20 Machi, siku moja mbele au nyuma, mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Siku hiyo jua la adhuhuri husimama angani pale pale liliposimama tarehe 22 au 23 Septemba, na nguvu yake ni ile ile. Lakini Septemba watu wa kaskazini bado wanatembea na fulana, na Machi wamejifunga shali. Jua halijabadilika. Tofauti iko kwenye deni ambalo bahari na ardhi zimelirundika tangu vuli.

Maji hupoa polepole na hupata joto polepole. Bahari nyingi za kaskazini hufikia ubaridi wake wa mwisho Februari au Machi, wakati jua limeshapanda kwa miezi miwili na zaidi. Theluji nayo ina ubahili wa namna mbili. Kwanza, ikiwa mpya, hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, kwa hiyo jua linapiga na wala halipokelewi. Pili, hata ikikubali kupokea, hutumia joto hilo kuyeyuka. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, joto linalotosha kuyatoa maji ya uzito huo huo kwenye sifuri hadi karibu nyuzi 80. Muda wote wa kuyeyuka, kipimajoto kikichomekwa ndani ya theluji kinabaki pale pale kwenye sifuri. Ndiyo maana kuna siku za Machi jua linakuchoma usoni huku miguu iko kwenye jokofu. Usoni ni Septemba, miguuni ni Januari.

Hicho kilojuli 334 kiliwahi kuniumbua. Ilikuwa usiku wa Aprili, zamu yangu, kipimajoto nyuzi 2 na nukta kadhaa, hakuna upepo wa maana. Niliandika mvua. Modeli ya kompyuta ilisema mvua, ramani zilisema mvua, na mimi, ambaye wakati huo nilikuwa na umri wa kujiamini kupita kiasi, nikaongeza kwamba theluji haitarajiwi tena msimu huu. Alfajiri theluji ilifika juu ya viatu. Mkuu wangu alichapisha utabiri wangu, akauweka mezani kwangu bila kusema neno, akaenda kutengeneza chai.

Kilichotokea kinaeleweka ukishalijua deni. Sehemu kubwa ya mvua za latitudo hizi huanza juu ikiwa theluji, ikayeyuka njiani. Usiku ule ilishuka kwa wingi, na kila chembe iliyoyeyuka ilinyang'anya hewa joto kidogo. Kama kungekuwa na upepo, hewa nyingine ya vuguvugu ingeingia kufidia. Haukuwapo. Tabaka la hewa chini ya mawingu likapoa hadi sifuri, mpaka wa kuyeyukia ukateremka mita kwa mita, na saa tisa usiku ukagusa lami. Theluji ilijitengenezea njia kwa kuyeyuka.

Tangu hapo, usiku wa mvua kubwa isiyo na upepo, nyuzi 2 au 3, siangalii skrini kwanza. Nasimama dirishani nitazame taa ya barabarani. Tone la mvua la kawaida hupita kwenye mwanga kama mshale. Yakianza kutokea matone yanayochelewa, mazito, yanayoyumba kidogo, hayo tayari ni vipande vya theluji vilivyolowa, na kilichobaki ni kusubiri. Ni mojawapo ya starehe zangu za Aprili: kuona mvua ikipunguza mwendo mpaka ikawa nyeupe.

Mgogoro mkubwa zaidi uko juu ya vichwa vyetu. Mwishoni mwa majira ya baridi eneo la ncha ya kaskazini limetoka kwenye miezi ya giza, hewa yake imepoa vibaya sana. Kusini zaidi ardhi imeanza kupata joto. Tofauti hiyo ya joto ndiyo inayolisha upepo mkali wa angani na dhoruba zinazopita chini yake. Wanasayansi waliokusanyika Bergen, Norway, wakiongozwa na Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, walitambua miaka ya 1918 na 1919 kwamba hewa baridi na hewa ya joto hazichanganyiki kirahisi: hukutana kwenye mstari na kusukumana. Vita Kuu ilikuwa ndiyo kwanza inaisha, magazeti yamejaa habari za mstari wa mbele, nao wakauita mpaka huo jina hilo hilo: fronti. Jina limedumu zaidi ya karne moja, na kila Machi naona lilivyowafaa.

Fronti ya baridi inapopita mtu yeyote anaweza kuihisi, hata asiye na baromita ya kupima mgandamizo wa hewa. Kabla yake upepo unatoka kusini, hewa ina uvuguvugu na unyevu, milima ya mbali haionekani vizuri, na watu wanasema baridi imekwisha. Halafu ukanda wa mawingu meusi, mvua ya haraka haraka, na upepo unageuka kwa mkupuo kutoka magharibi au kaskazini magharibi. Joto linaweza kushuka nyuzi 8 au 10 ndani ya saa moja au mbili. Hapo usilaumu jua, halijafanya lolote. Hewa uliyokuwa umesimama ndani yake imeondolewa na nyingine imeletwa. Mfano uliopindukia ni wa majira ya baridi yenyewe: tarehe 22 Januari 1943, mjini Spearfish, Dakota Kusini, Marekani, upepo wa joto ulioshuka kutoka milimani ulipandisha kipimajoto kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu yake kwa dakika 2. Hakuna jiko linaloweza kufanya hivyo. Kubadilishana kwa hewa kunaweza.

Baada ya fronti huja hewa ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotuletea siku ya jana. Ni hewa ya ncha ya kaskazini, safi, imeoshwa na mvua, unaona mbali mpaka unahisi umebadilishiwa miwani. Juu, kama kilomita 5 hivi, inaweza kuwa nyuzi 30 chini ya sifuri au zaidi. Chini, jua la Machi linapasha ardhi iliyokwisha kuvua theluji. Chini joto, juu baridi kali: mchanganyiko huo hautulii. Mapovu ya hewa yanaanza kung'oka kutoka kwenye mashamba na mapaa, yanapanda, yanapoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita mpaka mvuke wake unageuka wingu.

Basi angalia saa. Asubuhi anga ni tupu, na wageni huamini siku itakuwa hivyo. Saa nne au tano vinatokea vidonge vya pamba. Saa saba baadhi yake vimeota vichwa kama koliflawa. Sasa kazi ni kutazama kingo. Wingu ambalo kingo zake ni kali, kama zimekatwa kwa kisu, bado ni la matone ya maji na bado linakua. Kilele chake kikianza kufifia na kutoa nyuzinyuzi kama sufi iliyochanwa, kimegeuka barafu, na kilichomo ndani kinashuka au kimeshaanza kushuka. Ndani ya mawingu hayo kuna matone yaliyo chini ya sifuri lakini bado ni maji. Yakiigusa chembe ya theluji inayopita yanagandia juu yake papo hapo, moja baada ya jingine, mpaka chembe inakuwa kijiwe cheupe kinachopondeka kwa vidole. Watu wengi huita mvua ya mawe. Siwagombezi, ila mvua ya mawe halisi ni ngumu, nayo hupenda zaidi mawingu makubwa ya miezi ya joto. Chukua moja kiganjani ulibonyeze utajua.

Kabla ya manyunyu hayo kufika utapigwa na pumzi ya baridi ya ghafla usoni. Hiyo ni hewa iliyoteremka pamoja na mvua na kutawanyika mbele yake. Ukiihisi una dakika chache za kutafuta paa, wala usiende mbali: wingu la namna hii mara nyingi humaliza shughuli yake chini ya nusu saa, na jua linarudi wakati matone bado yanaanguka upande wa pili. Hapo geuka, mgongo uelekee jua. Upinde wa mvua huonekana tu jua likiwa chini ya nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, ndiyo maana Juni adhuhuri huupati. Lakini kwenye latitudo 50, siku ya usawa wa mchana na usiku jua la adhuhuri hufika nyuzi 40 tu. Kwa maneno mengine, mwezi Machi kwa kiasi kikubwa saa yoyote ya mchana ni saa ya upinde, mradi wingu na jua wakubaliane. Jioni ardhi inapoa, mapovu yanakosa moto wa kuyasukuma, na mawingu yanasambaa kama wanafunzi baada ya kengele. Anga linabaki wazi, joto linatoroka usiku kucha, na alfajiri sakitu tena. Mzunguko huo waweza kurudiwa siku tatu nne mfululizo.

Harufu nayo hurudi. Udongo ulioganda haunuki. Ukishayeyuka, bakteria wa ardhini wanatoa kitu kiitwacho jeosmini, na pua ya binadamu inakinusa hata kikiwa kidogo mno hewani. Watafiti wa Australia Isabel Joy Bear na Richard Thomas waliipa harufu ya mvua kwenye ardhi kavu jina la petrikori mwaka 1964. Mimi naijua mapema zaidi ya kalenda: ni ile siku ninapotoka kazini na barabara inanuka kitu.

Kuna Mwingereza mmoja, Robert Marsham wa Norfolk, aliyeanza mwaka 1736 kuandika tarehe ya vitu kama hivyo: ua la kwanza, jani la kwanza la mti fulani, mlio wa kwanza wa vyura, mbayuwayu wa kwanza. Familia yake iliendelea na daftari hilo hadi 1958. Leo wanaopima mabadiliko ya tabianchi wanalitumia, lakini nadhani yeye alikuwa tu mtu asiyetaka majira yampite bila kuyaona. Ameniambukiza. Nina daftari dogo jikoni, karibu na dirisha, lenye safu nne: kipimajoto, upepo unatoka wapi, baromita inapanda au inashuka, na kitu kimoja nilichokiona. Safu ya nne ndiyo ngumu. Inakulazimisha utoke.

Mchana huu unarefuka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, karibu dakika 4 kwa siku kwenye latitudo 50 na kati ya 5 na 6 kwenye latitudo 60, kwa hiyo hata ukirudi kazini saa ile ile, kila wiki unakuta mwanga tofauti kwenye ukuta ule ule. Hilo nalo huliandika.

Leo asubuhi nimeandika: nyuzi 1, upepo wa kusini mashariki, baromita inashuka, jua lina duara jeupe kulizunguka na mawingu ya juu kama pazia jepesi. Hewa ya jana imemaliza zamu. Jioni kutanyesha, mvua ndefu isiyo na haraka. Koti nimelisahau ofisini.