Homa imeshuka, nani kakwambia amepona? Maswali ya malaria na mafuta ya kunukia

Mvua zikishaanza huku Tabora, zahanati inajaa watoto wenye homa, na wengi wanafika siku ya nne au ya tano, wamepakwa mafuta ya mimea, wamefukizwa kwa majani, wananukia mkaratusi mpaka chumba kizima. Nawajibu hapa yale mnayoniuliza kila siku, naomba msome mpaka mwisho.

Malaria ni nini?
Ni vimelea vinavyoletwa na mbu jike aina ya anofelesi, anauma usiku. Huku kwetu karibu yote ni ile ya falsiparamu, ndo inayoua. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 Tabora tuliongoza nchi nzima, karibu asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa nayo, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8.

Nesi, nimemfukiza na homa imeshuka, si amepona?
Hapana. Kimelea kinaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinakula humo, kinazaliana, ikifika kama saa 48 chembe inapasuka wanatoka wapya 16 mpaka 32 na hapo ndo mtoto anachemka na kutetemeka. Wakishaingia kwenye chembe nyingine homa inashuka YENYEWE. Ingeshuka hata usingempaka kitu. Sasa wewe umempaka mchana, jioni kapoa, sifa zote zinaenda kwa mafuta, na kesho kutwa wako wengi kuliko mwanzo.

Kwani mwili wenyewe hauwezi kuwamaliza?
Unajaribu sana, ila hawa wanajua kujificha. Kwanza wako ndani ya chembe ambayo haina ile alama ya kuwaonyesha askari wa mwili kwamba humu kuna adui. Alafu wanatoa protini ya kunata juu ya chembe, inagandia kwenye mishipa midogo, mpaka ya ubongo, ili damu isiwapitishe kwenye bandama ambako wangechujwa. Mwili ukishaijua hiyo protini wanabadilisha, kama mwizi anayevaa shati lingine kila akitambuliwa. Jeni za kutengeneza protini hizo wanazo kama 60, wanatumia moja moja.

Mbona bibi anakunywa muarobaini na anapona?
Hili ndo linaniumiza kuliko yote, kwasababu bibi hasemi uongo, kweli anapona. Lakini bibi ameumwa na mbu wa huku miaka na miaka, mwili wake umeshayajua mashati mengi, homa yake inaweza kuisha hata kwa maji matupu. Mjukuu wa mwaka mmoja na nusu hajui hata moja. Sufuria ni ile ile, kikombe kile kile, mmoja kesho yuko shambani kwenye tumbaku na mwingine analetwa amepauka viganja vyote, damu imeisha. Na mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, asijilinganishe na bibi, kwasababu vimelea vinagandia kwenye kondo la nyuma kwa protini ambayo mwili wake haujawahi kukutana nayo.

Lakini watafiti si wamesema mafuta ya mimea yanaua vimelea?
Ni kweli, maabara, kwenye kisahani. Mchaichai una sitrali, karafuu ina yujeno, mkaratusi una sineoli, na baadhi ya mafuta ya aina hii ukiyaweka moja kwa moja juu ya vimelea vinakufa. Mwilini ni habari nyingine. Ukichemsha, kile kinachonukia ndo kinapaa na mvuke, kinachofika kwenye damu ni kidogo, na ini linakivunja haraka. Tena kiasi kinabadilika kwa udongo, kwa msimu, kwa umri wa jani, hiyo dozi utaipimaje? Na tafadhali, mafuta ya mkaratusi USIMNYWESHE mtoto, yenyewe yanaweza kumletea degedege. Ya karafuu yanaweza kuharibu ini lake.

Na chai ya pakanga?
Dawa ya malaria inayoitwa atemisinini imetoka kwenye mmea wa jamii hiyo, na mama wa Kichina, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Yeye mwenyewe aligundua kuwa joto la kuchemsha linaiharibu dawa, akaitoa kwa itha, kimiminika cha maabara, kwenye joto dogo. Sasa wewe unachemsha nini?

Degedege si ya hospitali, akichomwa sindano anakufa?
Hapana, hapana, na tena hapana! Wanaokufa baada ya sindano ni wale waliocheleweshwa kwanza kwa mganga, na sindano ndo inabeba lawama. Degedege ya mtoto mwenye homa inaweza kuwa malaria imefika kichwani. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala mafuta mdomoni, panda bodaboda uje SASA HIVI. Usingoje itulie, usingoje baba yake arudi mnadani. Kuna dawa ya kuweka njia ya haja kubwa tunampa kabla ya rufaa, kuna sindano ya malaria ya atesuneti, zinaokoa akiwahi.

Kipimo kimesema hana malaria, nimpake basi?
Homa ikiendelea mrudishe, inaweza kuwa nimonia au kitu kingine. Na akikutwa nayo, dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili yakipita masaa nane tangu ya kwanza, ya tatu yakipita masaa 24 tangu ya kwanza, zinazobaki kila baada ya masaa 12. Mpe na maziwa au uji wa karanga maana inahitaji mafuta ya chakula ili ifyonzwe vizuri. Zote sita! Habari ya kumuwekea mdogo wake mbili ziishie hapo.

Akizidiwa usiku na zahanati imefungwa?
Gonga nyumba za watumishi, ziko pale nyuma. Hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, anapumua kwa shida, mkojo mweusi, degedege: lolote kati ya hayo, gonga mpaka tufungue.