Koreografia Haiko Mikononi

Juzi jioni, kwenye banda la chipsi pale Chikongola, Mtwara mjini, mpwa wangu aliwaambia wenzake kwamba Yuzuru Hanyu, bingwa wa Japani wa kuteleza kwenye barafu, "ana koreografia" na mpinzani wake Mmarekani, Nathan Chen, "hana, anaruka tu". Wenzake wakaafiki. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya tomato, na kiooni Mjapani yule alikuwa anainua mkono mmoja taratibu, kama mtu anayechuma embe la jirani na hataki tawi litikisike. "Ona, mjomba," akaniambia, "koreografia hiyo." Kidole chake kilikuwa kwenye kiganja cha Hanyu.

Si mara ya kwanza. Vijana hawa wanafuatilia mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa bidii ambayo wangeipeleka kwenye mikorosho ya baba zao tungekuwa mbali, na katika mabishano yao neno koreografia huangukia viganjani kila mara. Likikosa viganja hupanda usoni. Mchezaji akifumba macho, koreografia. Akikunja uso kama aliyefiwa, koreografia zaidi.

Koreografia ni mpangilio uliotungwa wa mwendo: mchezaji anaanzia wapi, anapita wapi, anafanya nini kwenye mpigo upi, na anaishia wapi. Basi.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana limebeba ushahidi mgongoni. Limetoka kwenye Kigiriki: khoreia, kucheza ngoma kwa kundi, na graphein, kuandika. Mkia huo wa pili tunao kwenye jiografia na biografia. Ni uandishi wa ngoma, na zamani lilimaanisha hivyo hivyo, kalamu na karatasi. Mwaka 1700 mwalimu wa dansi wa Paris, Raoul-Auger Feuillet, alichapisha kitabu chenye jina hilo, cha kufundisha namna ya kuiandika ngoma ili mtu wa mji mwingine aweze kuicheza bila kuiona. Ukurasa wake ni sakafu ya ukumbi ikitazamwa kutoka juu. Mstari unapita, unajikunja, unarudi. Hiyo ndiyo njia ya mchezaji. Kando ya mstari kuna vijialama: hapa kunja goti, hapa ruka, hapa geuka. Ni baadaye ndipo neno lilipomhama anayeandika ngoma ya watu likamwendea anayeitunga. Lakini lilikozaliwa ni kwenye njia ya miguu.

Na huo mchezo wa barafu ndio uliokaa karibu na maana hiyo kuliko michezo mingine yote. Chuma cha kiatu kina kingo mbili, wa ndani na wa nje, na mchezaji akiulalia mmoja anachora upinde. Mpaka mwaka 1990 mashindano ya dunia yalikuwa na sehemu ambayo washindani walichora maduara na umbo la nane kwenye barafu, kisha majaji wakaenda kuinamia ile michoro kama wapima ardhi. Jina la mchezo kwa Kiingereza, figure skating, limetokana na michoro hiyo. Walikuwa wanaandika kwa miguu, kweli kweli.

Najua barafu kwetu ni ile inayofunika samaki pale Feri. Lakini uandishi huo tunao, ila sisi tunauandika vumbini. Nilikulia Newala, na asubuhi baada ya ngoma tulikatiza uwanjani kwenda shule tukakuta nyayo bado zipo. Ungeweza kuona mahali lipiko, yule mchezaji wa kinyago, alipoingilia, alipowasogelea wanawake wakatawanyika, alipogota ghafla ngoma ilipokata, na aliporudi kinyumenyume mpaka kwa wapigaji. Kinyago kilikwisha kwenda zake, na ile mitikiso ya mabega iliyotuchekesha usiku haikuacha hata alama. Kilichobaki chini ndicho ninachokizungumzia.

Turudi kwa Hanyu na Chen, maana hapo ndipo mpwa wangu alipojifunga goli. Kila mshindani hucheza programu mbili, fupi na ndefu. Programu ndefu ya Hanyu iitwayo SEIMEI, aliyochukulia dhahabu yake ya pili ya Olimpiki kule Pyeongchang mwaka 2018, ilitungwa na Shae-Lynn Bourne, Mkanada aliyekuwa bingwa wa dunia wa dansi ya barafuni mwaka 2003 akiwa na Victor Kraatz. Programu fupi ya Chen ya Beijing 2022, ile ya La Bohème iliyompa pointi 113.97, nayo ilitungwa na nani? Bourne huyo huyo. Kusema mmoja ana koreografia na mwingine hana ni kuchukua mashati mawili ya fundi mmoja ukadai moja limeshonwa na jingine halikushonwa. Sema moja limemkaa vizuri zaidi aliyelivaa, hapo nitakusikiliza. Lakini hapo umeshaacha kumzungumzia fundi.

Majaji wenyewe wamelitenganisha jambo hili. Enzi za alama 6.0, sita ikiwa ndiyo ya juu kabisa, kulikuwa na alama ya ufundi na alama ya sanaa, na hiyo ya pili ilikuwa gunia: muziki humo, mikono humo, mpangilio humo, na wenye kunung'unika walisema hata bendera ya nchi humo. Kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 ndiyo iliyoupasua mfumo ule, na mpya ukaidhinishwa 2004. Tangu msimu wa 2022/23, ukiacha pointi za miruko na mizunguko, mchezaji hupewa alama tatu: ya mtungo, ya uwasilishaji, na ya ustadi wa kuteleza. Koreografia inakaa kwenye mtungo, pamoja na jinsi uwanja ulivyotumiwa na jinsi tendo moja lilivyofungwa kwenye jingine. Ule mkono uliomsisimua mpwa wangu, pamoja na namna unavyoisikiliza ala, unakaa kwenye uwasilishaji. Ni kweli mtunzi naye humwambia mchezaji mkono uende wapi. Humwambia pia aingie uwanjani amechana nywele.

Lawama kidogo iende kwa walioandika kanuni. Ndani ya programu ndefu waliweka kipande wakakiita mfuatano wa koreografia, ambacho hakina ngazi za ugumu. Majaji wanapima ubora wake tu. Mtangazaji akikitaja, mtazamaji anaamini koreografia ndiyo inaanza sasa, na dakika tatu zilizopita zilikuwa za kurukaruka. Ni sawa na kusikia kibwagizo ukadhani wimbo ndiyo umeanza.

Ukitaka kuiona koreografia, tazama miguu peke yake kwa dakika nne zote za programu ndefu. Uwanja ni mita 60 kwa 30. Programu iliyotungwa kivivu huenda na kurudi kama daladala ya Mikindani, njia ile ile: anajiandaa, anaruka, anageuza, anajiandaa. Iliyotungwa vizuri hufika pembeni, hukata katikati mahali usipotegemea, na mruko mkubwa hutokea pale muziki unapouhitaji, bila yale maandalizi marefu ya mtu anayetafuta nauli mifukoni. Jason Brown wa Marekani amejenga jina lake juu ya jambo hilo katika zama ambazo wenzake wanahesabu mizunguko minne hewani. Mikono yake pia ni mizuri, nakubali, ndiyo maana mfano wake huwachanganya watu.

Na sijasema mikono ni kitu kidogo. John Curry wa Uingereza alitaka balei tangu utotoni, baba yake akakataa, akamruhusu barafu kwa kuwa ule ulihesabika ni mchezo. Akatwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1976 kwa mabega na mikono ya mtu wa balei. 

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka chipsi zikapoa. Kisha akauliza, "Sasa mjomba, ile ya mkono inaitwaje?"

"Madaha," nikamwambia.

Wenzake wakacheka, yeye akanuna, akidhani namvunjia Hanyu heshima. Sikuwa namvunjia. Madaha anayo bibi harusi anapotolewa nje, na watu husimama kwenye viti ili wayaone. "Sema Hanyu ana madaha kuliko Chen," nikamwambia, "hapo sina ubishi nawe, na chipsi nalipa mimi."